Kipeuo cha Kumi na Mbili

Nilikuwa nachambua maharage kibarazani mwezi uliopita, hapa Mbinga, simu ikatoa mlio wa kundi letu la tuliosoma pamoja. Kundi lenyewe sina hamu nalo sana, kazi yake ni kutumiana picha za wajukuu na kutangaziana misiba. Lakini siku hiyo kulikuwa na namba ngeni imeingizwa, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Bertila yumo humu? Yule wa ugali laini." Nikaweka ungo chini. Duniani kuna mtu mmoja tu aliyewahi kunisimanga kwa ugali laini, na mtu huyo nilikuwa nimemkimbia kwa karibu miaka arobaini. Nimekuwa muuguzi, nimestaafu, nimezika mume, nimezoea kuingia wodini bila kutetemeka, lakini mstari ule mmoja ulinitoa jasho. Niliingia chumbani, nikavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, nikatoa daftari la hesabu ambalo si langu. Ndani yake kulikuwa na barua mbili, bahasha zake zimekatwa kwenye karatasi ya daftari na kugundishwa kwa ugali, na zote mbili hazikuwa zimefunguliwa.

Mwaka ninaousema ni ule tuliokuwa kidato cha pili. Shule yetu haikuwa na bweni la kutosha wote, kwa hiyo mimi na Otilia tulipanga chumba cha uani kwa Mama Yustina, mjane aliyeshona nguo za kwaya na kulima kahawa mlimani nyuma ya nyumba. Mimi nilitoka vijiji vya juu, Mmatengo. Yeye alitoka Ngumbo, kando ya ziwa, Mnyasa. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, dirisha moja lisilo na kioo, na msumari mmoja ukutani tuliougombania wiki nzima hadi tukakubaliana sare zetu zining'inie pamoja. Nyumba haikuwa na dari. Kuta ziliishia chini kidogo ya kenchi, na maneno yote ya Mama Yustina na wateja wake yalipita juu ya ukuta yakatuangukia vitandani. Tulijua nani wa kwaya amenenepa, nani ana mimba, na nani amerudisha kitambaa akidai kimeibwa upana. Leo nyumba yangu ina dari nyeupe nzuri, nami nalala humo kimya kimya, na kuna siku naitamani ile sauti ya cherehani.

Tulikuwa na sufuria moja. Yeye alileta usipa, dagaa wa ziwani kwao, mfuko mzima, na mimi nilileta unga na maharage. Otilia alisonga ugali mgumu wa kukatwa kwa kisu, mimi wangu ulikuwa laini, na kila zamu yangu alinyanyua tonge likamdondoka vidoleni, akasema, "Bertila, huu ni uji uliokasirika." Tulizungumza Kiswahili kwa sababu hatukuwa na njia nyingine. Kimatengo changu alikielewa nusu, Kinyasa chake nilikielewa robo, na Kiswahili tulichokuwa nacho kilikuwa cha shule na kanisa. Kwa hiyo tulipotaka kutaniana tulilazimika kuazima maneno ya padri na ya mwalimu mkuu. Nikichelewa kuamka aliniambia niungame. Akichota maji kidogo nilimwambia aandike barua ya kujieleza. Hakuna lugha niliyowahi kuipenda kama ile ya chumba kile.

Mwalimu wetu wa hesabu, Mwalimu Kaspar, alitakiwa kufundisha kwa Kiingereza, na alianza hivyo kila kipindi. Akishaona macho yetu yamekodoka, alishusha chaki akarudi kwenye Kiswahili. Vipeuo alivifundisha kwa ngolo. Kwa asiyekujua kwetu, ngolo ni yale mashimo ya mraba tunayolima kwenye miteremko: wanaume wanalaza majani yaliyofyekwa kwa mistari inayokatana, wanawake wanachimba udongo wa katikati na kuyafukia majani, na mlima mzima unabaki miraba mitupu, maji ya mvua yanatulia shimoni na udongo hauendi na mafuriko. "Ngolo ina eneo la futi za mraba ishirini na tano," alisema Mwalimu. "Upande wake ni futi ngapi?" Darasa zima likajibu tano. "Basi tano ndiyo kipeuo cha pili cha ishirini na tano. Umepewa shamba, taja upande." Sisi wa milimani tuliona ni jambo la kitoto. Otilia hakuwa amewahi kuona ngolo hadi mwaka ule. Kwao ni mchanga, muhogo na nyavu. Alipoulizwa kipeuo cha pili cha kumi na sita alisimama wima akajibu, "Nane, Mwalimu." Yeye alisikia "cha pili" akagawanya kwa mbili, na ukitazama maneno yenyewe, kosa lilikuwa la maneno. Mwalimu alimwambia akae. Wengine walicheka, mimi siku hiyo sikucheka.

Sikucheka kwa sababu siku chache kabla nilikuwa nimesikia kitu. Otilia alikuwa bombani, mimi nimelala na homa, na mjomba wake aliyemlipia ada alikuja kumsalimu Mama Yustina. Alikuwa mtu wa Mbamba Bay, sauti nzito, mwenye haraka ya kuwahi lori.

"Mama, mtoto anakwendaje?"

"Anakwenda vizuri, baba. Hesabu tu ndiyo inamsumbua."

"Mimi nina wangu watano. Akivuka mtihani wa kidato cha pili nitajikaza afike mwisho. Asipovuka sitamrudisha kukariri darasa. Dada yangu anamhitaji Ngumbo kuanika usipa."

"Umemwambia mwenyewe?"

"Nikimwambia ataogopa, afeli zaidi. Wewe muombee tu."

Nilijifunika shuka hadi kichwani. Otilia alipoingia na ndoo nikamwambia kuanzia kesho tutafanya hesabu kila jioni, na aliponiuliza nimeota nini nikasema nimeota anapika ugali laini.

Tulisomea kwenye vichanja vya kahawa vya Mama Yustina, tukipewa kazi ya kufukuza kuku. Nilibuni njia ya kumfundisha kurahisisha vipeuo. Punje ya kahawa ilikuwa mbili, punje ya mahindi ilikuwa tatu. Kama ni kipeuo cha sabini na mbili, tunapanga ndani ya mstari punje tatu za kahawa na mbili za mahindi, kwa kuwa mbili mara mbili mara mbili mara tatu mara tatu ni sabini na mbili. Halafu nasema kwa lafudhi ya padri wa ndoa: "Walio wawili watoke, asiye na mwenzake abaki ndani." Kahawa mbili zinatoka, mahindi mawili yanatoka, kahawa moja inabaki peke yake chini ya alama ya kipeuo. Jibu ni sita nje, mbili ndani. Otilia alizitazama zile punje nne nilizozitoa. "Wametoka wanne," alisema. "Mbona umeandika wawili tu, mbili mara tatu?" Nikamwambia kila jozi inahesabiwa moja. "Mwingine anakwenda wapi?" Nikasema anapotea. Akacheka, lakini si kicheko cha mzaha. "Bertila, sisi watu wa ziwani. Wakiingia wawili na mtumbwi akatoka mmoja, hatuandiki jibu. Tunakaa matanga." Nami, badala ya kufikiri, nikamwambia ndivyo kanuni ilivyo, akariri.

Zilikuwepo siku nzuri, na hizo ndizo zinazonitesa. Siku moja ya mwezi wa nane, kahawa imeanikwa kila mahali na mikono yetu inanuka maganda, tulikuwa tunazidisha vipeuo: cha tatu mara cha kumi na mbili. Otilia aliviweka vyote chini ya paa moja, tatu mara kumi na mbili, thelathini na sita, akapiga ukelele hadi kuku wakaruka. "Sita! Sita kamili, hakuna aliyebaki!" Alinishika mabega. "Tatu peke yake haitoki. Kumi na mbili peke yake haitoki vizuri. Wakikaa chumba kimoja wanatoka wote." Mama Yustina alitokeza kichwa dirishani akauliza nani amejifungua. Jioni hiyo tulikula usipa wa kukaanga kwa nyanya, ugali wake mgumu, na hatukuacha hata mwiba mmoja. Nimekula kwenye harusi kubwa tangu hapo, nimekula hotelini kwa semina za serikali. Sijashiba namna ile tena.

Kosa lilikuwa langu, nalisema wazi. Wiki ya mtihani, bombani shuleni, wasichana wa darasa la juu walikuwa wakisimulia vichekesho, nami nikataka nionekane. Nikasema kwamba hesabu za Otilia ni hizi: kipeuo cha kumi na sita ni nane, na cha mia moja ni hamsini. Walicheka sana. Sikujua kwamba alikuwa nyuma yangu na ndoo. Alijibu kwa hasira, "Na ninyi Wamatengo, kazi yenu kuchimba mashimo na kuyaita elimu." Hapo ningenyamaza yangeisha, huo ulikuwa utani wetu wa kila siku. Lakini wenzangu walikuwa wananitazama, na mdomo ukanitoka: "Basi nenda Ngumbo ukaanike usipa, ndiyo kazi mjomba wako aliyokuwekea." Hakuwa na habari ya maneno yale ya mjomba hadi wakati ule. Aliinua ndoo yake akaondoka, na maji yalimwagika njia nzima.

Siku tatu hatukusemezana. Yeye aliazima chungu kwa Mama Yustina, na katika chumba kile kidogo tukapika mara mbili, tukala tumepeana migongo. Mama Yustina alisema juu ya ukuta, kama anaongea na cherehani, kwamba wanaolala chumba kimoja wakinuniana wanaokonda ni wote. Asubuhi ya mtihani wa hesabu Otilia alikwenda kuoga, daftari lake likiwa wazi kitandani. Niliangalia. Alikuwa ameandika kipeuo cha kumi na mbili: mbili, mbili, tatu. Wawili wametoka, tatu imebaki ndani. Na nje, badala ya mbili, ameandika mbili mara mbili, akapata nne. Alikuwa amewatoa wote wawili, hakumwacha mtu ziwani. Penseli ilikuwa mkononi mwangu. Nilichotakiwa ni kufuta namba moja, au kusema sentensi moja aliporudi. Nilisikia maji yanakoma kumwagika bafuni, nikafunga daftari, nikachukua rula yangu nikatangulia shuleni.

Mtihani ulipita, tukafunga shule, na alipanda lori la Mbamba Bay bila kuniaga. Daftari alilisahau chini ya mto. Mwezi wa kwanza tulipofungua, majina ya waliovuka yalibandikwa kwa mpangilio wa herufi. Langu, B, lilikuwa juu kabisa. Sikushuka hadi O. Kitanda chake kilikuwa kitupu, na hilo lilinitosha kuwa jibu. Mwalimu wa zamu aliita jina lake siku mbili tatu wakati wa kuhesabu namba, kisha akaacha, nami nikajiambia anasoma orodha ya zamani. Wiki ya kwanza hiyo hiyo nilimkaribisha Hilda, msichana wa Litumbandyosi, alale kitanda kile, kwa sababu sikuweza kukitazama. Ndipo mama mmoja muuza usipa akaniletea barua kutoka Ngumbo, na baada ya mwezi akaleta ya pili. Niliijua hati. Niliamini ndani kuna neno moja tu, kwamba nimemfelisha, nami nilikuwa nalijua tayari na sikutaka kulisoma kwa mkono wake. Niliziweka ndani ya daftari, daftari nikaliweka sandukuni. Niite mwoga. Nimejiita hivyo kabla yako, katika kila mji niliohamishiwa.

Basi nikamjibu kwenye simu kwamba nakuja. Zamani safari ya kushuka ziwani ilikuwa ya siku nzima na Rozari tatu. Sasa ni lami, nilishuka kona baada ya kona na kabla ya saa sita nikaona maji. Otilia anakaa Mbamba Bay, nyumba yake mwenyewe, nyuma yake vichanja virefu vimejaa usipa. Amenenepa, nywele nyeupe kabisa. Alinisimamisha mlangoni akanizunguka kama anayekagua mbuzi.

"Bertila."

"Otilia."

"Umekonda. Ule ugali bado unaula?"

Tulishikana pale mlangoni, tukalia, tukaachana, tukashikana tena. Alinipa mbasa, samaki wa ziwani, wa kuchoma na ugali wa kukatwa kwa kisu, nami sikuweza kumeza mpaka niseme. Nikalitoa daftari nikaliweka mezani. Nikamwambia yote: niliona kosa lake asubuhi ile, penseli ilikuwa mkononi, nikafunga. Nikamwonyesha na ukurasa, nne nje, tatu ndani. Alivaa miwani, akausoma, akaniangalia juu ya miwani.

"Umelitunza miaka yote hii, hukugeuza ukurasa?"

Sikuwa nimegeuza. Aligeuza yeye. Nyuma yake palikuwa na hesabu nyingine kwa hati yake ile ya kulala: nne mara nne kumi na sita, mara tatu, arobaini na nane, na pembeni ameandika, "Imezidi. Nilikuwa na 12." Chini yake alichora ngolo, mraba safi wenye majani pembeni, upande mmoja ameandika mbili, na upande wa pili mbili, halafu maneno haya: "Mwingine hajapotea. Ni upande wa pili wa shimo lilelile. Ukitaja mmoja umetaja wote." Na jibu: mbili nje, tatu ndani.

"Nililipata usiku wa kuamkia mtihani, wewe umelala," alisema. "Nilitaka kukuamsha. Nikakumbuka tumenuniana. Asubuhi nikaufungua makusudi ule ukurasa wa makosa, nikauacha kitandani nikaenda kuoga. Nilisema, akiliona hatavumilia, atanisemesha."

Nilicheka kwa sauti. Mzigo wa miaka arobaini uliniondoka mgongoni, nikasema, "Kwa hiyo ulivuka! Hukufeli kwa ajili yangu!" Naye akasema ndiyo, alivuka, na hesabu alipata vizuri kuliko masomo mengine. Nikaendelea kucheka, kisha nikaona yeye hacheki. Alikuwa ameziona bahasha zimelala katikati ya daftari, na alipapasa kwa kidole pale zilipogundishwa, moja, halafu ya pili.

"Hukuzifungua," alisema.

"Niliogopa."

"Basi zifungue sasa. Unisomee, mimi nimesahau nilichoandika." Hakuwa amesahau. Ugali uliokauka ulivunjika kama chembe za chaki, nikasoma. "Bertila, mama yangu amelazwa, siwezi kuja mwezi huu. Nimevuka, mjomba amefurahi. Mwalimu Kaspar amemwambia mjomba kwamba nafasi yangu ipo, nikirudi kabla ya mwezi wa nne nikiwa nimeyashika ya nyuma. Tafadhali mpe huyu mama lile daftari langu, na kila juma uninakilie mnachosoma. Na usimpe mtu kitanda changu." Ya pili ilikuwa fupi zaidi. "Hujanijibu. Kama bado umenuna kwa ajili ya yale maneno ya mashimo, nisamehe. Siku za lori nakwenda barabarani kungoja. Mwezi wa nne uko karibu." Hapakuwa na kitu kingine, zaidi ya jina lake.

Nilikaa na karatasi ile mkononi. Miaka yote nilikuwa nimetubu dhambi ambayo haikutokea, na ile iliyotokea ilikuwa imelala pale pale, imefungwa kwa ugali. Nilimuuliza alingoja hadi lini. Akasema hadi mvua zilipokata barabara. Baada ya hapo mama yake alifariki, akaanza kuanika, akaolewa, maisha yakaenda, na hayakuwa mabaya. Alisema hivyo akiwa ameangalia nje, si mimi. Kisha alifunga daftari, akalipangusa vumbi kwa pindo la kanga, akalikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili.

"Haya, daftari limefika," alisema. "Na kitanda changu? Ulimpa nani?"

"Hilda. Wa Litumbandyosi."

"Alikuwa anakoroma?"

"Sana. Mwaka mzima sikulala."

"Afadhali," akasema Otilia, na akanikatia kipande kingine cha ugali.